Hayumo Kwenye Sanduku

Vipande thelathini na viwili, vyote vya kijivu,
vimening'inia kwenye fremu kama omena waliotungwa na mtu asiye na haraka.
Navikata kwa kisu cha kazini,
kilekile ninachochongea nta ya meno ya bandia
ya watu wa Kibuye na Kondele wanaotaka kucheka tena.
Mguu wa kushoto. Mguu wa kulia.
Kiwiliwili kimepasuliwa mbavuni, nusu mbili.
Msasa, pumzi, msasa.
Gundi inanuka hadi sebuleni;
mke wangu anafungua dirisha bila kusema neno,
na hilo ndilo neno lenyewe.

Jioni hii visubi wamepanda kutoka ziwani,
moshi usio na moto juu ya paa za Migosi,
na mmoja ametua shavuni pa askari, rangi ikiwa mbichi.
Nimemtoa kwa kibano. Ameacha mguu.
Basi, na awe na kovu.

Kijani cha sare hakiuzwi Kisumu.
Nimechanganya masalio ya rangi ya lango la kanisa,
kahawia kidogo,
na tone jeusi lililoponyoka lenyewe: ndilo lililotengeneza kazi.
Mikanda ya mwavuli ni foili ya maziwa ya unga,
nimeikata nyembamba, imenikata kidole.

Macho nimeyaogopa siku tisa.
Brashi ya unywele mmoja, kiwiko mezani, pumzi nimeibana:
jicho moja likatazama Ahero, la pili Busia.
Nikafuta. Nikarudia.
Mara ya nne akanitazama mimi, nikashtuka.

Kageha, kidevu juu ya meza:
"Baba, huyu ndiye babu Lugadiru?"

Nilikuwa nimeshaikoroga, ile kahawia ya ngozi yetu,
imetulia kwenye kifuniko cha chupa, inangoja.
Ila babu hakuruka kamwe.
Babu alikuwa chini, Burma, matope magotini,
shingo imemkakamaa kwa kutazama juu,
akihesabu miavuli: mchele, risasi,
magunia ya barua, hata moja si yake.
Sanduku la nyama ya kopo lilimwangukia rafiki yake wa Bunyore.
Risasi zilimkosa miezi saba.
Chakula kikampata.

Hadi uzeeni, kule Mbale,
ndege ikipita kwenda kushuka Kisumu
babu alisogea ukutani, taratibu,
kama mtu aliyekumbuka tu kwamba jua ni kali.
Kipande cha hariri ya mwavuli bibi alikishona blauzi.
Aliivaa kanisani Krismasi moja. Babu akatoka nje.

Nikakifunika kile kifuniko.
Huyu wa sandukuni abaki alivyo, kijana wa watu,
mashavu ya waridi, mguu wa kisubi shavuni,
ana mama yake mahali.

Kisha nikawasha taa ya spiriti
nikachonga mtu wa pili kwa nta ya meno.
Hayumo kwenye maelezo ya sanduku.
Sikuwa na picha. Nilikuwa na masikio ya babu,
ambayo ni yangu, ambayo ni ya Kageha,
yamesimama mbali na kichwa kama vishikio vya sufuria.
Nilimpa hayo kwanza.
Udongo wa chini yake ni wa Maragoli,
nimeuchekecha kwa kichujio cha chai
(mke wangu bado hajajua).
Kichwa ameinua. Mikono ameinua.
Anapokea, au anajikinga?
Niliacha nta ipoe kabla sijaamua.

Macho yake niliyapaka mara moja,
na sikubana pumzi.

"Huyu wa chini hana macho," Kageha akasema.
"Anayo. Yanaonekana kutoka juu tu."

Akaenda jikoni kuleta stuli.